Neno "sus" halikuzaliwa kwenye mchezo wa simu

Kila neno "sus" linapozuka katika mazungumzo ya vijana mtandaoni, maelezo yanayofuata huwa yale yale: ni neno la mchezo wa Among Us, lilianza mwaka 2020 watu walipofungiwa ndani kwa sababu ya korona, na maana yake ni mtu au jambo la kutiliwa shaka. Maana imetajwa sawasawa. Asili iliyotajwa inafuta zaidi ya miaka 80 ya historia, na ndani ya miaka hiyo wamo vijana wa London waliopelekwa jela kwa kosa lililoitwa kwa neno hilo hilo.

Kamusi zinaweza kukuambia "sus" ni kifupi cha "suspicious", "suspect" au "suspicion", na zikaishia hapo. Hilo halitoshi. Neno hili halieleweki mpaka ujue nani alikuwa analisema, alikuwa anamwambia nani, na alikuwa na mamlaka gani juu ya huyo anayeambiwa. Mdomoni mwa askari lilikuwa pingu. Mdomoni mwa kijana anayecheza kwenye simu ni kura moja kati ya kumi. Herufi ni tatu zile zile, lakini uzito umebadilika kabisa.

Tuanze na ukataji wenyewe. Kiingereza hukata maneno kwa namna tatu. Mkia ukikatwa, "examination" hubaki "exam" na "laboratory" hubaki "lab". Kichwa kikikatwa, "omnibus" hubaki "bus", ambalo sisi tulilipa irabu ya mwisho likawa basi. Mara chache hukatwa huku na huku, kama "influenza" ilivyobaki "flu". Kiswahili nacho hukata: kondakta ni konda, shemeji huitwa shem, na Dar es Salaam ni Dar tu. Kwa hiyo wale wanaosema vijana wa leo wameharibu lugha kwa uvivu hawana msingi. Jonathan Swift alilalamika hivyo hivyo katika gazeti la Tatler mwaka 1710, na moja ya maneno yaliyomkera lilikuwa "mob", lililokatwa kutoka "mobile vulgus", maneno ya Kilatini yanayomaanisha umati unaoyumbayumba. Alikiri kwamba alikuwa amejitahidi kwa miaka kadhaa kulizuia. Leo "mob" ni Kiingereza sanifu, na linaandikwa hata katika hukumu za mahakama.

Uvivu hauelezi kwa nini neno fulani hukatwa na jirani yake halikatwi. Kinachoeleza ni mazoea. Neno hukatwa na watu wanaolitaja mara nyingi kwa siku, mbele ya wasikilizaji wasiohitaji kulisikia lote ili waelewe. Wanafunzi walikata "exam", watu wa sayansi walikata "lab". Basi ukikutana na kifupisho na hujui asili yake, swali la kwanza ni hili: neno refu lilikuwa kazi ya kila siku ya nani? Uingereza ya miaka ya 1930, maneno "suspected person", yaani mtu anayeshukiwa, yalikuwa kazi ya kila siku ya polisi, na ya watu waliokuwa wakikamatwa na polisi hao. Huko ndiko "sus" linakoonekana kwanza katika maandishi, likiwa nomino: mtu amekamatwa kwa sus, amefunguliwa shtaka la sus.

Matamshi yanatoa ushahidi wake pia. Katika "suspicious" na katika kitenzi "suspect", mkazo uko kwenye silabi ya pili, na irabu ya silabi ya kwanza ni hafifu, inamezwa. Irabu hafifu ya namna hiyo haiwezi kubeba neno zima la silabi moja, kwa sababu neno likibaki silabi moja ni lazima mkazo ukae hapo hapo. Ndiyo maana kifupisho kinatamkwa kwa irabu kamili, ile inayosikika mwanzoni mwa nomino "suspect", na ambayo sikio la Kiswahili huisikia kama "a". Kwa kanuni hiyo hiyo "bus" likawa basi, "club" likawa klabu na "pump" likawa pampu. Msomaji wa Kiswahili akiyafuata maandishi atatamka "sus" kwa irabu ya "sukari". Mwenye lugha hutamka karibu na "sas".

Tahajia nayo ina kanuni. Nomino na sifa huandikwa kwa "s" moja mwishoni. Kitenzi huandikwa kwa "s" mbili, "suss", kwa sababu kinapopokea viambishi vya wakati huwa "sussed" na "sussing". Bila "s" ya pili, msomaji angetamka irabu nyingine kabisa. Ukikuta "s" mbili katika maandishi ya Uingereza ya miaka ya 1960 na 1970, mara nyingi uko mbele ya kitenzi chenye maana nyingine, na tutakifikia.

Kabla ya hapo tuondoe njia za uongo, maana ni nyingi. Anayetafuta asili ya "sus" kwa kuandika herufi hizo katika hazina ya maandishi ya kidijitali atapata mafuriko ambayo karibu yote hayamhusu. Kihispania kina "sus", maana yake -ake au -ao kwa vitu vingi, na ni moja ya maneno ya kawaida mno katika lugha hiyo. Brazili ina SUS, mfumo wake wa taifa wa afya. Kilatini kina "sus", yaani nguruwe, na ndiyo sababu jina la kisayansi la nguruwe ni Sus scrofa. Hakuna hata moja lenye undugu na neno letu.

Njia mbili za uongo ni za hatari zaidi kwa sababu zinafanana na ukweli. Moja ni "sus. per coll.", alama iliyoandikwa zamani na majaji wa Uingereza pembeni mwa jina la mtu aliyehukumiwa kifo. William Blackstone ameieleza katika juzuu ya nne ya vitabu vyake vya sheria, iliyotoka mwaka 1769. Ni kifupi cha Kilatini cha "anyongwe kwa shingo". Ni ya mahakamani, ni ya jinai, ni kifupisho, na ina herufi zile zile, kwa hiyo mtu mwenye haraka anaunganisha. Lakini hiyo inatokana na kitenzi cha kuning'iniza, si cha kushuku. "Suspect" limetoka kwenye "sub", chini, na "specere", kutazama: kumtazama mtu kwa jicho la chini chini. Njia nyingine ni "susso" ya Australia. Wakati wa mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930, watu wasio na kazi walipewa msaada wa chakula na serikali, wenyewe wakauita "susso". Wakati ni ule ule na watu ni wale wale wa hali ya chini, lakini neno lilikatwa kutoka "sustenance", yaani riziki. Kufanana kwa sauti na kukutana kwa miaka hakutoshi. Mtafiti makini huuliza pia ni neno la aina gani, linatumika katika sentensi ya namna gani, na linasemwa na nani. "Susso" ni kitu unachopewa. "Sus" ni kitu unachoshtakiwa nacho.

Sasa tuingie kwenye sheria, kwa sababu hapa ndipo neno lilipopata meno.

Mwaka 1824 bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Uzururaji. Vita vya Napoleon vilikuwa vimekwisha mwaka 1815, askari waliorudi hawakuwa na kazi wala makazi, na miji ilikuwa imejaa watu wanaotafuta riziki. Kifungu cha 4 kiliorodhesha aina za watu watakaohesabiwa wahuni na wazururaji. Mmoja wao alikuwa mtu yeyote "anayeshukiwa, au anayejulikana kuwa mwizi", atakayekutwa akizoea kufika au akirandaranda mahali pa umma kwa nia ya kutenda jinai. Adhabu ilikuwa hadi miezi mitatu jela. Kesi ilisikilizwa na hakimu, bila juri, lile jopo la raia linaloamua hatia katika kesi kubwa za Uingereza.

Tazama jinsi kosa lenyewe lilivyoundwa. Halikuhitaji kitu kuibwa. Halikuhitaji hata jaribio la kuiba. Lilihitaji mambo manne: mahali pa umma, mtu anayeshukiwa, kurandaranda, na nia. Nia haionekani kwa macho, kwa hiyo ilikisiwa kutokana na mwenendo. Tatizo la kisheria likawa hili: mtu huyu alianza lini kuwa "anayeshukiwa"? Mahakama ya Rufani iliukabili utata huo katika shauri la Ledwith dhidi ya Roberts, lililochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 1937, ambalo chanzo chake ni vijana wawili waliokamatwa karibu na kibanda cha simu Liverpool. Msimamo uliojengeka ni kwamba lazima kuwe na kitendo cha kwanza kinachomfanya mtu awe wa kushukiwa, kisha kitendo kingine tofauti kinachoonyesha nia. Kitendo kimoja hakiwezi kufanya kazi zote mbili.

Kwenye karatasi hiyo ni kinga. Barabarani iliyeyuka, kwa sababu hakuna aliyesema vitendo hivyo viwili vitenganishwe na muda gani. Kufikia miaka ya 1970, ushahidi wa kawaida ulikuwa hivi: askari kanzu wawili wanasema walimwona kijana akijaribu kitasa cha gari la kwanza, hapo akawa mtu anayeshukiwa, kisha wakamwona akijaribu kitasa cha gari la pili, hapo akawa ametenda kosa. Au alisogelea mkoba wa mama mmoja kwenye foleni ya basi, kisha mkoba wa mwingine. Mwenye gari haitwi mahakamani. Mwenye mkoba hajulikani. Hakuna mali iliyopotea, kwa hiyo hakuna kielelezo. Mashahidi ni askari wawili wanaosema jambo moja, na upande wa pili ni kijana anayesema alikuwa anapita. Hakimu anaamua amwamini nani. Ubovu wa sheria ulikuwa hapo: si kwamba ilitumiwa vibaya na askari wachache, bali ilikuwa imeundwa kiasi kwamba mtu asiye na hatia hakuwa na kitu cha kukanusha.

Waliokamatwa hawakuwa watu wa kila aina. Takwimu za polisi wa London za mwaka 1977 na 1978 zilionyesha kuwa zaidi ya asilimia 40 ya waliokamatwa kwa sus walikuwa Weusi, ilhali walikadiriwa kuwa chini ya asilimia 3 ya wakazi wa eneo hilo. Wengi walikuwa vijana, watoto wa wahamiaji kutoka Karibi. Nyumbani kwao neno lililoanza kama lugha ya mitaani ya askari lilikuwa sasa neno la mama anayemsubiri mwanawe arudi kutoka shule. Mwaka 1979 Linton Kwesi Johnson, mshairi mzaliwa wa Jamaika, alitoa shairi lenye kichwa kidogo kinachosema waziwazi kwamba ni shairi la kupinga sus. Hakuhitaji kumfafanulia mtu neno hilo.

Kampeni ya kuifuta iliitwa Scrap Sus, na waliobeba mzigo wake mkubwa ni akina mama Weusi wa kusini mwa London, Mavis Best akiwa mstari wa mbele. Mshauri wao wa sheria alikuwa wakili kijana, Paul Boateng, ambaye mwaka 2002 alikuja kuwa waziri wa kwanza Mweusi katika baraza la mawaziri la Uingereza. Mwaka 1980 kamati ya bunge ya mambo ya ndani ilichunguza na kupendekeza kipengele hicho kifutwe. Kilifutwa na Sheria ya Majaribio ya Kutenda Jinai ya mwaka 1981, iliyoanza kutumika mwezi Agosti. Waandishi wake walijua mianya iliyokuwa inaachwa, kwa hiyo wakaweka badala yake kosa mahususi la kuchezea magari ya watu.

Hapa kuna kosa linalorudiwa katika makala nyingi na linafaa kusahihishwa. Husemwa kwamba machafuko ya Brixton, mtaa wa kusini mwa London, ya Aprili 10 hadi 12, 1981, yalisababishwa na msako uliofanywa chini ya sheria ya sus. Msako huo, ulioitwa Swamp 81, ulisimamisha watu 943 kwa siku chache na kuwakamata 118. Lakini kumsimamisha mtu na kumpekua ni jambo moja, kumshtaki kwa sus ni jambo jingine. Polisi wa London walikuwa na mamlaka ya kupekua tangu sheria yao ya mwaka 1839, na mamlaka hayo hayakufutwa pamoja na sus. Barabarani watu waliita yote sus, na walikuwa na haki ya kuita hivyo, maana mkono ulioshika kola ulikuwa ule ule. Mchambuzi hana ruhusa hiyo. Akichanganya, hawezi kueleza kwa nini sus ilifutwa mwaka 1981 na malalamiko yakaendelea.

Wakati hayo yakitokea, kitenzi kilikuwa kimeshika njia yake. Polisi walisema wamemshuku mtu, "suss". Kutoka kushuku kikasogea kwenda kukisia, na kutoka kukisia kikaenda kung'amua. Kufikia miaka ya 1960, vijana wa muziki wa Uingereza walikuwa wakisema "suss out" kwa maana ya kulitambua jambo baada ya kulichunguza, na mtu mwerevu wa mtaani akaitwa "sussed". Maana imegeuka kichwa chini: kutoka mtu asiyeaminika mpaka mtu asiyedanganyika. Mfasiri anayeandika "alishuku mpango mzima" pale Mwingereza alipoandika "sussed out" amekosea. Hapo ni kubaini, kung'amua, au kushtukia.

Sifa, ile tunayoiona leo, ilikomaa Australia na New Zealand, ambako watu wamekuwa wakisema jambo fulani ni sus kidogo kwa miongo mingi bila kufikiria polisi wala mahakama. Nyama iliyokaa nje inaweza kuwa sus. Bei rahisi kupita kiasi ni sus. Marekani nako neno likashika katika Kiingereza cha Wamarekani Weusi na muziki wa hip-hop, na katika miaka ya 2010 lilikuwa likitumiwa pia kumdokeza mwanamume kwamba si mwanamume kamili, au kwamba anapenda wanaume. Maana hiyo haijafa. Anayelikopa neno kwa ajili ya tangazo la biashara au kampeni ya vijana ni vizuri ajue limepita huko, kwa sababu wasomaji wa Marekani watalisikia kwa masikio hayo.

Ndipo ukaja mchezo. Among Us ulitolewa na studio ndogo iitwayo Innersloth, ya jimbo la Washington, mwezi Juni 2018. Kwa miaka miwili ulikuwa na wachezaji wachache. Katikati ya 2020 watiririshaji wa Twitch, mtandao wa kurusha michezo mubashara, waliuchukua, na Oktoba 20 mwaka huo mbunge wa Marekani Alexandria Ocasio-Cortez aliucheza hadharani kuhamasisha watu kupiga kura, wakimtazama zaidi ya watu 400,000 kwa wakati mmoja. Kanuni zake ni nyepesi. Wachezaji wanne hadi kumi (hadi kumi na watano tangu mwaka 2021) wako ndani ya chombo kimoja, kila mmoja ana rangi yake, na mmoja hadi watatu kati yao ni wasaliti wanaowaua wenzao kimyakimya. Maiti ikipatikana, kazi inasimama, mazungumzo yanafunguliwa, kisha wanapiga kura ya kumtupa mtu nje.

Mazungumzo hayo ndiyo yaliyolilea neno. Saa inahesabu sekunde, na wengi wanaandika kwa kidole gumba kwenye simu. "Red is suspicious" ina herufi na nafasi 17. "Red sus" ina 7. Katika mchezo ambao anayetuhumu kwanza ndiye husikilizwa, herufi kumi ni tofauti kati ya kubaki na kutupwa nje. Kinachopotea hapo si mkia wa neno tu. Kitenzi kiunganishi, lile "is", nacho kimeanguka, na sentensi nzima imebaki jina na tuhuma. Hakuna mahali pa sababu. Wachezaji wazuri walilijua hilo, ndiyo maana jibu lao la kwanza kwa "red sus" huwa swali: wapi? Umeona nini?

Mtu akishaiona sheria ya 1824 na mchezo wa 2018 vikiwa pamoja, anashawishika kusema neno limesafiri moja kwa moja kutoka kituo cha polisi cha Brixton mpaka simu ya mtoto. Huo ni mvuto wa kusimulia, haujengwi na ushahidi. Njia ya kukata "suspicious" ni moja tu iliyo nyoofu, na watu wasiojuana wanaweza kukata mahali pamoja kila mmoja kwa wakati wake. Nomino ya polisi wa Uingereza ilikuwa jina la shtaka. Sifa ya Australia na ya Marekani ilikuwa hukumu ya kila siku juu ya mtu au kitu. Aina ya neno ni tofauti, msemaji ni tofauti, matumizi ni tofauti. Msimamo unaokubaliana na ushahidi wote ni kwamba kifupisho hiki kimezaliwa zaidi ya mara moja, na mchezo ulikuta sifa ya Marekani ikiwa tayari, ukaieneza duniani. Kamusi ya Merriam-Webster iliiingiza mwezi Septemba 2022.

Kwa Kiswahili, neno limeingia kupitia mlango huo wa mwisho. Vijana huandika "huyu jamaa ni sus" au "hii stori iko sus", na kila anayecheza anaelewa. Lakini halijapata umbo la Kiswahili. Halijaongezewa irabu, halijapokea viambishi, na linatamkwa kwa namna mbili hata ndani ya kundi moja. Sababu mojawapo ni kwamba nafasi yake haikuwa wazi. Tuna "ina walakini", ambayo inabeba uzito ule ule wa kudokeza bila kushtaki: bei ina walakini, mtu huyu ana walakini. Tuna kutilia shaka, tuna mashaka, tuna wasiwasi. Zaidi ya hapo, Kiswahili hakikuruhusu uache wazi nani anamshuku nani. "Suspicious" ya Kiingereza inaweza kuwa anayeshuku au anayeshukiwa, na msomaji huamua kwa muktadha. Sisi tunao mshukiwa, kama Wakenya wanavyopenda kusema, au mtuhumiwa, kama inavyosikika zaidi Tanzania, na kiambishi tamati cha kutendwa kinamweka kila mtu mahali pake. Anayetafsiri habari za London za miaka ya 1970 ana neno bora kuliko kuandika "sheria ya sus" na kumwacha msomaji akifikiria mchezo: ni sheria ya mtu anayeshukiwa.

Sheria hiyo, kwa bahati mbaya, si ya London peke yake. Watawala wa Kiingereza waliinakili katika kanuni za adhabu za makoloni yao. Kifungu cha 177 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kinawahesabu wahuni na wazururaji, na miongoni mwao yumo mtu anayeshukiwa au anayejulikana kuwa mwizi, asiye na njia ya riziki inayoonekana na asiyeweza kujieleza vizuri. Ni maneno ya 1824 yaliyovuka bahari. Hapa kwetu hakuna aliyeyakata yakawa "sus", kwa sababu Kiingereza cha kifungu kilibaki mahakamani, na waliokamatwa walikuwa na jina lao la jambo hilo: uzururaji. Kijana anayelala stendi, mmachinga asiye na kitambulisho, dada anayetembea usiku, wote wanalijua.

Malawi ilikuwa ya kwanza kugeuza mambo karibu na kwetu: Januari 2017 Mahakama Kuu yake ilibatilisha kipengele cha uzururaji katika shauri la Mayeso Gwanda, muuza mifuko ya plastiki aliyekamatwa alfajiri akienda kufanya biashara. Desemba 4, 2020, katika msimu ule ule ambao mamilioni ya watu walikuwa wakiandikiana "red sus", Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ilitoa maoni ya ushauri, kwa ombi la Umoja wa Wanasheria wa Afrika, kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika na kwamba nchi zina wajibu wa kuzifuta au kuzirekebisha. Nchini Uganda hilo lilitekelezwa kwa mkono wa mahakama. Desemba 2, 2022, Mahakama ya Katiba ilibatilisha vipengele viwili vya kifungu cha 168 cha sheria ya makosa ya jinai, na cha kwanza kati yake ndicho kile kinachomtaja mtu anayeshukiwa au anayejulikana kuwa mwizi.